Neno Alilolishona Falesi

Kriii, kriii, kriii, kisha kri-kri-kri-kri, kisha kimya. Kilikuwa kifuniko cha sufuria. Kilianguka sakafuni kikazunguka juu ya ukingo wake, mwanzo polepole, kisha mbiombio, mpaka kikalala. Falesi Nachisale alikisikia kikilia nyumba ya nyuma, nyumba ya Tiyamike, yeye mwenyewe akiwa ameketi barazani kwake akipukuchua maharagwe. Mikono yake ilisimama. Kifuniko kikimponyoka mpishi, mpishi hucheka au hulaani. Hiki hakikufuatwa na kicheko wala laana. Falesi alisubiri kidogo, kisha akaendelea kupukuchua, kwani ndivyo alivyofundwa, na ndivyo alivyofunda wengine.

Kesho yake Tiyamike alikwenda zahanati akiwa ameushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake.

Hapo kijijini Chinyamula, kwenye baridi ya milima ya Dedza, wanaume wakitaja jina la Falesi huanza na vyungu vyake. Watakwambia chungu cha Falesi kikianguka, kinachopasuka ni ardhi. Wanawake hawaanzi na vyungu. Wao husema tu, "Yule ndiye aliyenifunda," na wakishasema hivyo hawaongezi neno, maana yaliyomo humo hayasemwi uani. Alikuwa kungwi kwa miaka thelathini na minne. Wasichana mia mbili na ushei walipita katika kibanda chake baada ya mavuno, na kwa kila fundisho aliwafinyangia sanamu ya udongo: mamba, sungura, kinu, nyoka mwenye vichwa viwili. Mwali mzito wa kuelewa alielewa akiushika udongo. Aliimba, akapiga ngoma, akawachekesha mpaka wakashika mbavu, na katikati ya kicheko ndipo alipoweka lile alilotaka wabaki nalo. Mwali akishaolewa, Falesi hakumwacha njiani kama wafanyavyo makungwi wengine. Mwezi ukitimia alimwendea na sahani ya unga, akaketi, akamtazama shingo na macho, akaondoka bila kuuliza swali.

Hakuuliza kwa sababu hakuwa na haja. Alikuwa amewapa neno.

Mambo ya nyumba hayaanikwi. Kila Mchewa aliyelelewa anajua hivyo, na mwali hufundishwa jinsi ya kuyafunika: kila kitu kilichomo ndani hupewa jina la kitu kilichoko nje. Basi hata mume akiinua mkono, lilikuwapo neno lake. Falesi alilipokea kwa kungwi wake, naye kwa wake. Neno lenyewe, kwa Kichewa, ni kulangiza, na kinywani mwa kila mtu, tangu mchungaji hadi mwalimu, maana yake ni kunasihi, kumketisha mtu ukampa ushauri wa busara. Lakini mwanamke aliyepita kibandani akiinamisha macho na kusema, "Mume wangu alininasihi jana," wenzake humchemshia maji ya chumvi ya kukandia. Wanaume wakisikia maneno yaleyale husema, "Vizuri, umepata mume mwenye akili." Falesi alilipenda neno hilo kama apendavyo chungu kisichovuja. Lilizunguka kijiji kizima likiwa limejaa, na tone halikudondoka mbele ya wanaume.

Tiyamike alikuwa mwali wake wa karibu kuliko wote. Mama yake alifariki angali mdogo, na tangu hapo alikula kwa Falesi na kumwita bibi. Alipoolewa, mumewe Lameki alikuja kuishi kwa mkewe kama desturi inavyotaka, akajenga nyumba ya matofali na bati kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake Tiyamike, hatua ishirini kutoka kwa Falesi. Lameki alikuwa mtu wa kupendwa. Alitengeneza baiskeli za nusu ya kijiji, na kanisani aliimba sauti ya chini iliyotetemesha madirisha. Alimsalimia Falesi kwa kupiga makofi ya heshima, amepiga magoti, hata matopeni.

Mwaka mmoja kabla ya mkono kuvunjika, Tiyamike alikwenda polisi na jicho lililofumba. Askari alikuwa kijana mpole, akampa kiti. Akamwuliza shida. Tiyamike akasema mume wake anamnasihi. Askari akauliza kama anamnasihi mara kwa mara. Tiyamike akasema sana, hasa siku za mwisho wa juma. Askari akaandika yote, kisha akamwambia kuna wanawake wengi wangetamani mume wa namna hiyo, na jicho alipeleke zahanati.

Aliwaendea pia wasimamizi wa ndoa, maana ndoa ya Kichewa husimama kwa wajomba wawili, mmoja wa mke na mmoja wa mume. Wa kwake alikuwa mjomba Zefaniya. Wa Lameki alikuwa Bwana Gwaza, mzee mwembamba mwenye ulimi wa wembe. Wajomba waliketi mara mbili, na mara mbili kuku alichinjwa. Mjomba Zefaniya aliposikia kwamba mpwa wake ananasihiwa, alimtazama kwa huruma na kumwambia, "Basi mwanangu, sikiliza nasaha." Wakala kuku.

Aliyelipeleka jambo mahakamani alikuwa muuguzi wa zahanati, mgeni kutoka mjini. Alipoona picha ya mfupa alisema mkono huu haukuvunjika kwa kuteleza, kama alivyoambiwa, umepindwa. Akaandika barua, akampa Tiyamike, akamsindikiza mwenyewe hadi mlangoni pa mahakama ya senta, penye soko. Kwa wiki ile Tiyamike alilazwa zahanati, ingawa mkono peke yake haukuhitaji kitanda.

Siku ya kwanza ya shauri, Falesi aliketi benchi la nyuma, mkobani ana nsima, yaani ugali, na maharagwe ya kumpa Tiyamike. Hakimu, Bwana Nyirongo, alikuwa Mtumbuka kutoka kaskazini. Kichewa alikizungumza kama mtu aliyeazima viatu, akikanyaga kwa uangalifu, kwa hiyo maneno ya mashahidi yalipitia kwa karani, naye karani aliyageuza na kuyaandika kwa Kiingereza cha mahakama. Karani alikuwa mtu wa hapahapa, mwaminifu, hakuongeza wala hakupunguza. Tiyamike aliulizwa mume wake alimfanya nini Jumapili ile mkono ulipovunjika.

"Alininasihi."

Hakimu aliuliza kwa maneno gani. Tiyamike aliupakata mkono uliofungwa. Hakimu akainua ile picha ya mfupa, akauliza ni nasaha ya namna gani inayovunja mkono. Tiyamike akajibu, macho chini, kwamba mkono ulivunjika wakati wa nasaha.

Lameki alisimama wima kama yuko kwayani. "Mheshimiwa, mimi sikatai. Namnasihi mke wangu, tena kila wiki. Huo mkono, aliteleza akaanguka. Kama kuna sheria inayokataza mume kumnasihi mkewe, nisomewe, nitatubu leo hii."

Watu walicheka. Bwana Gwaza alicheka zaidi, akijipiga paja. Hakimu hakucheka. Aliweka kalamu chini, akasema ana mfupa unaosema hivi na kinywa kinachosema vile, na mfupa hauwezi kula kiapo. Sheria ya nchi inamruhusu kumzuia mume mkatili asimkaribie mkewe, hata kumtoa nyumbani. Haimruhusu kuwatenganisha watu kwa sababu ya ushauri. Alhamisi atamsikiliza mke kwa mara ya mwisho. Kama neno ni lilelile, atalifunga faili, na mke atarudi nyumbani na mumewe.

Pale uani, Lameki alimpita Tiyamike na kumwambia kwa upole, Falesi akisikia, "Alhamisi tutakwenda nyumbani, mke wangu. Nitakubebea mzigo." Kisha akapiga magoti, akamwamkia Falesi kwa makofi.

Falesi alirudi Chinyamula kwa miguu. Njiani, anasimulia mwenyewe, alikuwa akilisikia neno lake likitembea mbele yake kama mbuzi aliyekata kamba.

Jumanne muuguzi alimruhusu Tiyamike ashinde kwa Falesi. Waliketi na ungo wa maharagwe katikati, Tiyamike akitumia mkono mmoja, na Falesi akamwambia waziwazi kwamba Alhamisi lile neno aliache. Aseme lile jingine, lile ambalo hata mtoto analijua.

"Sema, alinipiga."

"Ali..." Tiyamike aliokota ganda la haragwe. "Ali..."

"Usinitazame mimi. Mwambie yule kuku."

Tiyamike alimtazama kuku. Kuku naye aliinamisha shingo, akamtazama kwa jicho moja. "Alininasihi," Tiyamike akamwambia. Kuku akaondoka.

"Umeona? Hata kuku amechoka na nasaha."

Walicheka, na Tiyamike alicheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaisha na machozi yakabaki. Alifuta uso kwa ncha ya kitenge. Hakukasirika. Alisema kwa sauti ya mtu anayeeleza kwa nini mlango haufunguki.

"Bibi, kinywa hiki ulikishona mwenyewe. Ulikishona kwa uzi mzuri, nami nilikaa kimya usinichome. Sasa unataka nikifumue kwa siku mbili?"

 Falesi aliendelea kupukuchua mpaka ungo ukaisha, na hata ulipoisha vidole vyake viliendelea kusuguana.

Jioni ile, kabla jua halijazama, alikwenda kwa Nangozo. Nangozo alikuwa mkuu wa makungwi wote wa upande ule, mwenye ngoma, mwanamke mzee sana ambaye macho yake yalikuwa yamefifia lakini kila mtu alimjua kwa nyayo zake. Falesi alimweleza yote. Alimwomba ruhusa alifungue neno mbele ya hakimu. Nangozo alisema neno la kibandani halivuki kizingiti. Mwanamume akilijua leo, kesho watajua la pili, na keshokutwa wanawake hawatakuwa na pa kujificha hata kwa maneno. Falesi alisema tayari hawana pa kujificha. Nangozo alimwambia kwamba akilivusha, asiiguse tena ngoma yake.

"Na binti akifa?" Falesi aliuliza.

"Atazikwa na heshima yake."

Falesi aliinuka, akashukuru kwa makofi kama ipasavyo, akaenda zake. Katika wale wasichana mia mbili na ushei, wawili alikwisha kuwazika na heshima zao. Mmoja walisema alitumbukia kisimani. Mwingine walisema ni malaria. Wote wawili walikuwa wamemwambia, miezi michache kabla, wakiinamisha macho, kwamba wananasihiwa sana siku hizi. Naye aliwachemshia maji ya chumvi.

Alhamisi ilipambazuka na manyunyu ya chiperoni, ile mvua ya baridi isiyonyesha wala kukoma. Falesi alipanda baiskeli ya abiria, akafika mahakamani magoti yamekufa ganzi. Benchi zilijaa. Bwana Gwaza alikuwa amevaa koti la harusi. Mjomba Zefaniya aliketi pembeni, akizungusha kofia yake mikononi.

Tiyamike aliitwa. Hakimu alimwuliza kwa Kichewa chake mwenyewe, bila karani, polepole, kama amtakiaye mema: mume wako alikufanya nini? Tiyamike alifungua kinywa. Falesi aliona midomo yake ikitafuta umbo la lile neno jingine, ikalikosa.

"Alininasihi," akasema, na kichwa chake kikaanguka kifuani.

Hakimu alichukua kalamu. Falesi akasimama.

Karani alimwambia aketi. Falesi alisema hawezi kuketi, kwa maana neno lililosemwa hapa ni lake, na watu wanalitumia bila mwenyewe kuulizwa. Hakimu alimtazama. Akamwuliza yeye ni nani, na neno lipi ni lake.

"Mimi ni kungwi, baba. Binti huyu nilimfunda mimi. Hilo neno nasaha nilimpa mimi."

Bwana Gwaza aliruka. "Mheshimiwa, mwanamke huyu anataka kuleta mambo ya unyago mbele ya wanaume. Haijapata kutokea. Asitiriwe, arudishwe nyumbani akapumzike."

"Mjomba Gwaza," Falesi akasema bila kugeuka, "tangu lini umeanza kuona haya? Mwaka wa njaa ulichungulia kibanda changu ukapigwa kwa mwiko. Hukusema haijapata kutokea."

Wanawake waliziba vinywa kwa vitenge. Hakimu alisubiri kicheko kitulie. Kisha akaagiza Falesi aapishwe, na Falesi akaapa, akaeleza. Alieleza kama alivyowaeleza wasichana, hatua kwa hatua, isipokuwa hakuwa na udongo mkononi. Alisema kila nyumba ina mlango wa mbele na wa nyuma, na maneno pia. Alisema neno hili likitoka kwa mwanamume ni ushauri. Likitoka kwa mwanamke aliyepita kibandani, macho yakiwa chini, ni kipigo. Akisema "alininasihi," ni mkono. Akisema "alininasihi sana," ni fimbo. Akisema "alininasihi mpaka nikaelewa," basi hakuinuka siku hiyo. Alisema wanaume hawajui, hata karani hajui, na karani hakukosea, ameandika alichosikia. Aliyekosea ni yeye Falesi.

"Nilidhani nawapa kitambaa cha kufunika aibu," alisema. "Kumbe nimewaziba mdomo, na mwenye mkono akaachwa huru."

Bwana Gwaza aliruhusiwa kumwuliza. Alikuja karibu, koti likimning'inia mabegani.

"Falesi, sote tulimjua marehemu mumeo Sikelo. Mtu wa dini. Ulikaa naye miaka kumi na tisa. Haya, naye alikunasihi? Mbona sisi hatukusikia?"

Falesi alifungua kinywa. Mahakama nzima iliona. Kisha kikafunga, na mkono wake ukashika ukingo wa kizimba. Hakimu alisema shahidi hakuletwa hapa kushtaki marehemu, swali limeondolewa, Bwana Gwaza aketi. Lakini kunyamaza kule watu wa Chinyamula hawakukusahau, na Falesi mwenyewe hakukusahau kupita wote.

Kisha hakimu alifanya jambo ambalo mpaka leo linasimuliwa sokoni. Alimwambia karani afungue maelezo ya Tiyamike, yote, tangu ya polisi hadi yale aliyoyatoa siku ya kufungua shauri, ayasome kwa Kichewa. Na kila atakapofika pale aliposema "alininasihi," asome "alinipiga." Maneno ya mume yasiguswe, ya mume yabaki kama alivyoyasema.

Karani alikohoa, akaanza.

Mume wangu alinipiga mara ya kwanza wiki tatu baada ya harusi. Alinipiga tena kwa sababu nilichelewa kisimani. Siku moja mboga haikuwa na chumvi kwa kuwa nilikuwa mwezini, na ni mwiko kwa mwanamke aliye mwezini kutia chumvi chunguni, wala hapakuwa na mtoto wa kuitia. Nilimweleza, akanipiga mpaka nikaelewa. Wajomba walipokula kuku na kuondoka, alinipiga sana. Jumapili alitoka kanisani akiwa na furaha, kifuniko cha sufuria kikaanguka, alinipiga.

Sauti ya karani ilianza imara ikawa inapungua. Mengi alikuwa ameyaandika mwenyewe, kwa mkono wake, na sasa aliyasoma kama barua iliyopotea ikamfikia imechelewa. Kwenye benchi la wanawake hakuna aliyeziba mdomo tena. Mjomba Zefaniya aliacha kuzungusha kofia. Alikuwa akitazama mikono yake, ile iliyokula kuku.

Lameki alisema, "Mheshimiwa, hayo hakuyasema yeye."

Hakimu alimgeukia Tiyamike. Alimwuliza kama hayo yaliyosomwa ndiyo aliyotaka kusema. Tiyamike aliinua kichwa. Alimtazama karani, akamtazama Falesi, na mwisho akamtazama mumewe, kwa mara ya kwanza tangu shauri lianze.

"Ndiyo," akasema. "Yote. Na mengine sikuyasema."

Amri iliandikwa kabla ya chakula cha mchana. Lameki asimkaribie Tiyamike, wala nyumba, wala kisima anachochotea, mpaka mahakama iseme tena. Na shauri la mkono uliovunjika lipelekwe kwa mwendesha mashtaka. Bwana Gwaza alilalamika kwamba nyumba ni ya Lameki, bati kanunua yeye. Hakimu alisema habari ya bati itasikilizwa siku yake. Leo wanaamua nani atalala chini yake. Mjomba Zefaniya aliinuka, na kwa mara ya kwanza alisema kama msimamizi. Alisema desturi inajulikana. Mkwe aliyekuja kuishi kwa mke, akiondoka hubeba mkeka wake na shoka lake. Basi abebe. Na jioni ile Lameki alibeba mkeka na shoka, askari yule kijana mpole akitembea nyuma yake. 

Huo haukuwa mwisho wa mambo kwa Falesi. Kesho yake mjumbe wa Nangozo alikuja kuchukua ngoma. Falesi aliifuta vumbi, akaifunga kwa kitenge safi, akaikabidhi kwa mikono miwili. Kisimani wanawake wengine waligeuza migongo. Wengine walimpa jina, wakamwita Redio. "Nyamazeni, Redio hiyo inapita, itatutangaza." Falesi alitua ndoo, akawaambia redio hii haili betri, inakula viazi, mwenye viwili amletee. Walicheka bila kutaka. Lakini hawakumwita. Mavuno yalipokwisha, ngoma zililia vijiji vya jirani, na makungwi wengine wakapita na wasichana wao waliopakwa unga, na Falesi alibaki nyumbani. Mikono yake haikujua habari hiyo. Ilifinyanga kama kawaida: mamba, sungura, kinu. Sanamu zilipangwa ukutani, zikakauka, pasipo mwali wa kuzivunja mwisho wa unyago, kama ilivyo desturi.

Hakulalamika. Tiyamike, ambaye mkono ulikwisha kuunga ukabaki umepinda kidogo, alimwuliza siku moja kama anajuta. Falesi alisema anajuta miaka thelathini na minne. Siku ile moja haijuti.

Ilipokaribia Septemba, mwanamke mmoja wa upande wa pili wa mto alikuja barazani pake. Falesi alimjua, alimfunda mwenyewe, mwaka wa mafuriko. Nyuma yake alikuwa na binti yake, na nyuma ya binti mama mwingine na wawili wake, na mama wa tatu na wake. Yule mwanamke alipiga magoti. Alisema makungwi wengine ni wazuri, lakini yeye anataka mtoto wake afundwe na mtu anayejua kushona na kufumua. Falesi alisema hana ngoma. Mwanamke alisema hakuja kwa ajili ya ngoma.

Basi alasiri moja yenye jua, wasichana wanne waliketi kwenye mkeka katika kibanda cha Falesi, miguu imenyooshwa, macho chini. Falesi aligeuza sufuria kubwa, akaipiga kwa viganja, na ikalia vizuri kuliko ilivyotazamiwa. Aliwaimbia. Aliwachekesha kwa habari ya sungura aliyeoa mamba kwa ajili ya meno yake mazuri. Tiyamike alikuwa pembeni, akiwapa uji. Na walipofika kwenye yale majina ya kufunika, jina la damu, jina la kitanda, Falesi aliwapa yote kama alivyopewa. Alipofika kwenye neno lile aliacha kupiga sufuria. Akawaambia hapa palikuwa na jina, nalo limekufa, halirithiwi. Jambo hili litaitwa kwa jina lake, mbele ya mjomba, mbele ya askari, mbele ya yeyote.

Akawaambia walitamke. Wasichana walitazamana, wakanong'ona. Mmoja, Enelesi, mdogo kuliko wote na mdadisi kuliko wote, aliinua macho, jambo ambalo mwali hafanyi.

"Bibi, na wewe ulikuwa unalitumia lile lililokufa?"

Tiyamike alisimama na kikombe mkononi. Falesi aligeuka ili aipige sufuria, wimbo uendelee. Kiwiko chake kikagonga kifuniko kilichoegemezwa ukutani. Kikaanguka, kikaanza kuzunguka kwenye sakafu ya udongo, kriii, kriii, na wote wakakitazama. Falesi alikuwa amekisikia kifuniko hicho miaka kumi na tisa ndani ya nyumba yake mwenyewe, kabla hajakisikia kwa mtu mwingine yeyote. Mara hii hakungoja kimalize. Aliinama, akakiwekea kiganja, kikanyamaza chini ya mkono wake.

Akakaa hivyo ameinama. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba Enelesi ilimbidi asogee karibu:

"Sikelo alinipiga."